Nyumba ya Usiguse

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mgomo wa walimu bado unaendelea, kwa hivyo niko nyumbani mchana na nimejionea mwenyewe. Leo wamekuja kubandika karatasi.

Nieleze kwa utaratibu, maana nina hasira na hasira hunifanya niruke mambo. Nyumba hii ya mawe ilijengwa na Wazungu wa kwanza waliofika Machakos. Baba yangu, Bartholomew Wathome, aliipanga kutoka kwa baraza la mji mwaka wa Uhuru, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Alitoka Wamunyu na tezo zake za kuchongea ndani ya gunia, akachonga milango, nguzo za veranda, fremu za madirisha, hata ngazi. Sasa kuna kamati inayosema nyumba ni historia na kazi za Baba ni urithi. Tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, itafunguliwa kuwa makumbusho. Sisi tumeachiwa vyumba viwili vya nyuma, na mkataba unasema tutakaa humo "maadamu msanii anafanya kazi", wageni wapate kumwona akichonga. Asipofanya kazi, tuhame.

Jambo ambalo kamati haijui ni kwamba Baba haoni. Jicho la kushoto lilimwacha mwaka juzi, la kulia likazima Agosti. Nyumba anaijua kwa mikono. Kila kitu kiko pale kilipokuwa tangu mimi ni mtoto, na ukimwona akitembea korido huwezi kushuku. Nikisikia mtu anataja kusogeza hata stuli, nageuza mazungumzo haraka.

Basi msimamizi mpya wa makumbusho, msichana wa Kikuyu anayeitwa Carol Nyaguthii, ameingia leo na bahasha ya karatasi ngumu zilizoandikwa USIGUSE kwa herufi nyekundu. Amebandika mlangoni, kwenye nguzo, kwenye kabati, hata kwenye kiti cha Baba. Baba, ambaye macho yake yamebaki kwenye vidole.

Alipoondoka, Baba alipitisha mkono ukutani, akakutana na karatasi.

"Mwaitu, hii inasema nini?" Huniita hivyo, mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Mutheu; nami humwita Nau, baba yangu.

"Inasema karibu, Nau."

"Na hii ya kwa mlango?"

"Pia. Karibu."

"Hawa watu wako na heshima," akasema, akaenda kukaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua kali. Hakuna kipya. Redio inatangaza mvua kubwa inakuja, ati ina jina la Kihispania.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumerudi shule tangu wiki hii. Leo mwenyekiti wa kamati, Bwana Kinyua, amekuja kukagua. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na hutembea akigonga kuta kana kwamba anataka kuzinunua. Carol alimfuata nyuma na kalamu.

Siku kama hizi mimi na Baba tuna njia yetu. Kwa Kikamba mkono wa kulia ni mkono wa wanaume na wa kushoto ni wa wanawake. Nikisema "aume", Baba anageuka kulia. Nikisema "aka", kushoto. Mgeni hasikii kitu. Bwana Kinyua, ambaye Kikamba chake ni cha milango ya vyoo, alinisikia nikinong'ona "aka, aka" kwenye kona ya korido, akageuka kwa upole.

"Mama anatafuta choo ya wanawake? Iko nyuma."

Nilimshukuru. Baba alikohoa ili asicheke. Carol alikuwa ameinamia karatasi zake kama kawaida. Huyu msichana naona kamati imemwokota Nairobi, na tangu aje hajatamka hata "wi museo", hujambo yetu, kwa mzee. Ni "habari ya asubuhi" na "samahani", basi. Simpendi na sina haja ya kujilazimisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua imefika. Imepiga mabati toka alasiri, sijasikia redio wala mtu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Korido inavuja mahali pawili. Baba ameanza kuchonga kitu kipya, gogo la muhugu aliloliweka miaka mingi chini ya kitanda. Hasemi ni nini. Analigonga kwa ukucha, anasikiliza, halafu anapiga tezo.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetoka shule nikakuta damu kwenye korido.

Haikuwa nyingi, lakini damu ya baba yako haina kiasi. Nilitupa madaftari ya watoto chini, nikakimbia. Baba alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, na Carol amechuchumaa mbele yake akimwosha goti. Kabati kubwa la korido, lile ambalo halijasogezwa tangu mama yetu akiwa hai, lilikuwa limevutwa mpaka katikati ya njia kwa sababu ya maji. Baba alilivaa uso mzima.

Nilimlipukia yule msichana. Nilisema maneno ambayo mwalimu hafai kuyasema, na nilitaka kusema mengine.

"Nani alikuambia usogeze kabati?"

"Maji ilikuwa inaingia, Mwalimu. Ingeoza."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza nini?"

Akaniangalia. Hakuwa na kiburi, alikuwa anangoja tu. Nikajiona nimesimama ukingoni. Neno moja zaidi na ningeyasema yote mwenyewe.

"Sakafu ina maji," nikasema. "Mzee ameteleza."

"Ndiyo, Mwalimu. Sakafu iko na maji."

Alipokwenda, Baba aliniita niketi karibu naye. Alikuwa anatetemeka. Sijawahi kumwona akitetemeka, hata siku tuliyomzika mama. "Mwaitu," akasema, "leo nimepotea kwa nyumba yangu. Nilisimama pale sijui mlango iko wapi." Nilimshika mkono na nikalia, na kwa kuwa haoni sikujifuta machozi.

Nimelirudisha kabati mahali pake mwenyewe, peke yangu. Mgongo unaniuma, na likioza, lioze.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Uvimbe umepungua. Baba hatoki chumbani.

Jumanne, 11 Novemba

Sasa wametuletea kamba.

Nimerudi nikakuta kamba nene ya katani imefungwa kwenye vishikizo vya chuma ukutani, kimo cha kiuno. Inaanzia mlango wa chumba cha Baba, inapita korido nzima, inafika karakana anakochongea, halafu tawi moja linashuka mpaka choo na lingine linatoka verandani. Haijanyooka hata, ina mafundo mafundo. Nimewahi kuona kamba za makumbusho kwenye picha za magazeti. Ni za kumwambia mtu asipite. Sasa tumewekewa sisi, ndani ya korido yetu.

"Hii ni ya kuzuia wageni wasiingie kwenu, Mwalimu," Carol akasema.

"Kwani sisi ni wanyama wa pori?"

Nilikwenda kuchukua panga. Naandika haya bila aibu, nilikwenda kweli. Niliporudi, Baba alikuwa ametoka chumbani kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na mkono wake ulikuwa juu ya ile kamba.

"Wakamba wamefungiwa kamba," akasema, akacheka peke yake. Kisha akatembea polepole, vidole vikipita juu ya katani, mpaka akafika fundo la kwanza. Akasimama. "Na hii fundo ni ya nini?"

"Kamba ilikuwa ndefu, Mzee," Carol akasema. "Nikaipunguza."

Baba alilipapasa lile fundo, kichwa ameinamisha. "Mwaitu, rudisha hiyo panga," akaniambia kwa Kikamba. "Kamba haina makosa."

Sijui alijuaje kwamba nina panga. Nimeirudisha, lakini moyo wangu haujarudi.

Jumapili, 16 Novemba

Wesley amekuja kutoka Mlolongo. Ndugu yangu anasimamia malori katika machimbo ya mawe kule, na kwa mafuriko yalivyo barabarani, sikutarajia kumwona. Alileta unga, sukari, na picha ya mtoto wake mdogo, kitinda mimba ambaye Baba hajakutana naye.

Tulikuwa tunakula muthokoi. Wesley alimpa Baba ile picha mkononi. Nilikuwa jikoni nachukua chumvi, sikuwahi. Niliporudi Baba ameishika karibu na uso, amekunja nyusi kama mtu anayetazama vizuri. Alikuwa anatazama mgongo mweupe wa picha.

"Ni mzuri," akasema. "Amechukua pua yako."

Wesley aliweka kijiko chini. Alinivuta nje verandani, mvua ikinyesha, akanishika mkono kwa nguvu.

"Tangu lini?"

"Agosti."

"Agosti, Mutheu. Na mimi ninaambiwa na picha. Unajua watu wa kazi wananiuliza nini? Kama ni kweli baba yangu amewekwa makumbusho na mifupa. Nacheka nao. Kumbe mko hapa mnamfichaficha, na ile kidonda kwa kichwa ni nini? Usiniambie maji."

Nilimwambia ni maji.

"Naenda na yeye Mlolongo. Niko na chumba."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hatukumsikia akija, maana siku hizi anashika ile kamba na hatembei kwa kuburuta miguu tena.

"Wesley, mwanangu," akasema. "Huko kwako sijui ukuta hata moja."

"Utajifunza, Nau."

"Nitajifunza na nini? Hizi vidole zimejaa nyumba hii."

Wesley alipokuwa anafunga viatu aliniambia hatarudi nyuma. Siku ya ufunguzi atakuja, na atamwambia Bwana Kinyua ukweli yeye mwenyewe, kwa amani, ili Baba atolewe kabla hajafa kwa kujigonga. Nilimwita msaliti. Akaniambia mimi ndiye ninayemwua. Tumeachana hivyo, ndugu wa tumbo moja.

Jumatatu, 17 Novemba

Sijalala vizuri. Labda Wesley ana haki. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeisoma tena, na bado sitaki iwe hivyo.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Daraja la chini limekatika, watoto wa upande ule hawaji shule. Baba anachonga kuanzia asubuhi. Nimeona sasa ni nini: ni mkono. Mkono wa kulia wa mtu mzima, wazi, umenyooshwa mbele.

"Ni wa kuweka kwa mlango," akanieleza. "Mtu akiingia, anasalimiwa."

Jumamosi, 29 Novemba

Kuna jambo nimeliona na sijui niliweke wapi. Carol alikuwa anafagia maji ya korido. Alipofika kwenye kabati aliinua ndoo yake iliyokuwa imezuia njia, akaiegemeza ukutani, upande wa pili wa kamba. Hakuna aliyemwambia. Baadaye alipeleka kiti nje kupanguswa, na akakirudisha palepale, akachuchumaa kutazama kama miguu yake imekaa kwenye alama zake sakafuni.

Labda wasomi wa makumbusho hufunzwa hivyo. Lakini nimemwekea chai leo, mara ya kwanza.

Alhamisi, 4 Desemba

Mkono umekwisha. Baba ameupiga msasa mpaka umekuwa laini kama wa mtoto. Wameusimamisha kwenye mlango wa mbele, kimo cha kusalimiana. Bwana Kinyua amepita jioni, ameusifu sana, halafu ameagiza ubandikwe karatasi. USIGUSE, chini kidogo ya kiganja.

Baba ameigusa. "Na hii?"

"Karibu," nimesema.

Alhamisi, 11 Desemba

Kesho. Wesley amepiga simu kwa jirani, anakuja. Nimepiga pasi suti ya Baba mara mbili. Nimemwambia Baba tutapita njia tuliyozoea, kamba mpaka verandani, nami nitakuwa kando yake. Amenipapasa kichwa. Mvua haijakoma.

Ijumaa, 12 Desemba

Niandike kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Asubuhi nilitumwa na kamati kwenda kuchukua soda za wageni, na mvua ikanichelewesha. Niliporudi veranda ilikuwa imejaa. Wageni wameketi, makanisa yote, walimu wakuu, kina mama wa kikundi, na mtu wa magazeti na kamera yake. Wesley alikuwa amesimama karibu na Bwana Kinyua, amevaa tai. Mimi nimekwama nyuma kabisa na kreti mikononi.

Ndipo nikaona ukuta mtupu. Kamba hazikuwepo. Nilimwuliza mama aliyekuwa karibu, akasema mwenyekiti ameagiza zitolewe asubuhi, zinaonekana kama za ng'ombe kwenye picha. Badala yake kulikuwa na utepe mwekundu wa kukatwa, na vyungu vya maua vimepangwa mlangoni pande zote.

Na Baba alikuwa anakuja. Nilimwona ndani ya korido, ameshika tezo mkono mmoja, mwingine ukitafuta kwenye ukuta. Ukaenda mbele, ukarudi. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na chungu, baada ya chungu ngazi mbili, na watu wote wamegeuka kumpigia makofi. Makofi yangemeza sauti yangu. Kati yangu na yeye kulikuwa na viti vya mji mzima. Wesley alikuwa ameona. Nilimwona akivuta pumzi ya kutaka kusema.

"Aka, Nau."

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti. Carol alikuwa amekishika, ametazama wageni, hata hakugeuza kichwa.

Baba akageuka kushoto.

"Aka kidogo tena. Haya. Sasa aume." Kisha akaongeza sentensi nzima kwa Kikamba, kwamba kuna ngazi mbili na kiti chake kiko palepale. Kilikuwa Kikamba cha watu wa Yatta, kinachotoka bila kutafutwa. Baba alishuka ngazi na kuketi kwenye kiti chake.

"Carol," Bwana Kinyua akanong'ona, "vyoo viko nyuma."

Hotuba zilikuwa ndefu, sikusikia hata moja. Nilikuwa ninahesabu kila kitu nilichowahi kusema kwa Kikamba mbele ya yule msichana, kuanzia Oktoba. Kisha Baba akaombwa aseme neno. Alisimama.

"Mimi si mtu wa maneno mingi," akasema. "Nyumba hii kila mahali kumeandikwa karibu. Kwa mlango karibu, kwa nguzo karibu, hata kwa kiti yangu. Kwa hivyo msiogope. Guseni."

Walicheka kwanza, wakidhani ni utani wa wazee. Halafu wakatazama karatasi zenye herufi nyekundu, halafu wakamtazama yeye, na kicheko kikaisha kutoka mbele kwenda nyuma. Nilijua tumekwisha. Niliwaza vitanda vitabebwa na gari gani kwenye barabara hii.

Bwana Kinyua alimwinamia Carol. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, sote tukasikia.

"Huyu mzee haoni?"

"Haoni, Mwenyekiti."

"Na mkataba?"

"Mkataba unasema afanye kazi," Carol akasema. "Hausemi aone."

Bwana Kinyua alimtazama Wesley, mwana wa mzee, kana kwamba anamngoja aseme. Nami nilimtazama. Wesley alitazama chini, akatazama mkono wa mti pale mlangoni, akalegeza tai yake.

"Mkono ameumaliza juzijuzi," akasema. "Hajaacha kazi."

Mama mmoja wa kikundi ndiye aliyeinuka kwanza. Alikwenda mlangoni, akaushika ule mkono, akautikisa, akasema "Wi museo" kwa heshima zote. Mwingine akamfuata. Ikawa foleni. Mwenyekiti alisubiri mpaka watu wakaisha, akaushika pia, akakawia nao kidogo, akatazama vidole.

"Rudisheni kamba zenu," akamwambia Carol. "Lakini mtafute safi."

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemsaidia Carol kufunga kamba. Alizaliwa Matuu, huko Yatta, baba yake ana shamba na duka kule, amesoma na watoto wa Kikamba tangu darasa la kwanza.

"Ulijua lini?"

"Siku Mwenyekiti alikuonyesha choo."

"Na ukanyamaza."

"Nyinyi mlikuwa mnanyamaza. Ningeanza aje?" Alivuta fundo likakaza. "Moja ni mlango. Mbili ni kona. Tatu ni ngazi. Yeye alizielewa siku ya kwanza, Mwalimu. Ni wewe ulienda kuchukua panga."

Nilimwomba msamaha, kwa Kikamba, ili usiwe wa nusu.

Jumapili, 14 Desemba

Wesley amelala hapa. Asubuhi nimemkuta korido, macho ameyafumba, anatembea na kamba kutoka chumba cha Baba mpaka karakana. Amerudi, amefanya tena. Hakuniona, nami nikarudi jikoni. Ameondoka mchana, na amesema Krismasi atamleta mtoto.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua bado. Carol amebandua karatasi zote, amebandika moja tu mpya, mlangoni, juu ya ule mkono. Baba ameipata kwa vidole saa hiyohiyo.

"Inasema nini?"

"Inasema gusa," nimemwambia. "Safari hii ni kweli, Nau."

"Najua," akasema. "Na zile zingine nilijua. Hakuna mtu anaandika karibu mara mingi hivyo kwa nyumba moja."